Mwonjaji Mkuu na Ndege ya Mheshimiwa Mno

Nchi yenyewe inaitwa Ukaango, na si yetu. Yafaa jambo hili lieleweke mapema, maana kuna wasomaji ambao wakisikia habari ya waziri aliyekosea hukimbilia kufunga dirisha. Ukaango iko mbali, nyuma ya milima ambayo haimo kwenye ramani, na watu wake ni wema kabisa. Wanapenda hotuba fupi, ambazo hawazipati, na vyakula vya kukaanga, ambavyo wanavipata mpaka vinawatokea puani.

Mkaango hukaanga chochote kinachoenea kwenye karai. Asubuhi maandazi, mchana samaki, jioni mihogo na kachori, na kiporo cha jana hukaangwa upya ili kisijione kimesahauliwa. Mafuta yakichakaa yakawa meusi kama lami, humwagwa mtaroni. Mitaro ya Karaini, mji mkuu, ilikuwa imeziba kiasi kwamba mvua ikinyesha maji hayakujua pa kwenda, yakawa yanaingia majumbani kama jamaa wa shamba, bila hodi na bila kusema yataondoka lini.

Pia ijulikane kwamba kila kiongozi wa Ukaango ni mheshimiwa, ila kwa vipimo. Diwani ni Mheshimiwa Kiasi, mbunge ni Mheshimiwa, waziri ni Mheshimiwa Kabisa, na rais ni Mheshimiwa Mno. Mtu mmoja aliteleza ulimi akamwita rais Mheshimiwa Kabisa. Alihamishiwa kituo cha kupima mvua, katika wilaya ambako hainyeshi.

Sasa katika Wizara ya Nishati palikuwa na karani mmoja aitwaye Nassoro Kilindo. Alikuwa mtu mnene kidogo, mpole sana, ambaye ombi lake kubwa kwa Mungu lilikuwa astaafu bila kutajwa jina na mkubwa yeyote. Kazi yake ilikuwa kumbebea waziri mwavuli. Na ndivyo alivyojikuta, asubuhi ile ya jua kali, kwenye uwanja wa Chuo cha Ufundi, dizeli ikiwa imeadimika nchini hata kuku walikuwa wanatagia kwenye injini za malori.

Mwenyeji wao alikuwa Daktari Sikudhani Mapunda, mkemia, mwanamke mfupi mwenye maneno ya haraka na koti lililotobolewa na asidi. Alikuwa ameunda mtambo wenye ukubwa wa kabati la nguo. Upande mmoja alimimina mafuta machafu aliyoyaokota kwa wauza chipsi. Upande wa pili yakatoka majimaji meupe, safi kama machozi. Akayatia kwenye lori la taka lililokuwa limelala tangu mwaka wa juzi. Lori likakohoa, likaguruma, likaondoka na kuku wake.

Watu walipiga makofi. Waziri hakupiga. Alikuwa amesogea nyuma ya lori, ananusa moshi.

“Daktari,” alisema, “mbona hainukii bagia?”

“Hainukii kwa sababu si bagia tena, Mheshimiwa Kabisa. Ni dizeli.”

“Lakini imetoka kwenye bagia.”

“Imetoka huko, ndiyo. Mafuta ya kula na dizeli ni ndugu. Tofauti yao, haya ya kula yamebeba oksijeni mwilini. Mimi nayapasha moto mkali, nayabana, nayapitisha kwenye kichocheo pamoja na hidrojeni, na ile oksijeni inajitoa ikiwa maji. Kinachobaki ni haidrokaboni tupu, sawasawa na inayochimbwa ardhini. Nikiendelea mbele kidogo, napata hata mafuta ya ndege.”

Waziri aliinamisha kichwa kama mtu aliyeelewa, na wote waliofuatana naye wakainamisha vyao.

“Vizuri sana. Ila mwananchi atajuaje kwamba ni mafuta yetu wenyewe? Dizeli inayonuka dizeli hata majirani wanayo.”

Swali hilo halikupata jibu, kwa hiyo likaingizwa kwenye mipango ya taifa.

Kisha wageni waliletewa bagia. Wakubwa walichovya moja moja kwenye chatne kwa ncha za vidole, kama desturi ya wakubwa. Nassoro, ambaye alikuwa ametoka nyumbani bila chai, alimaliza sahani. Alipoinua macho, waziri alikuwa anamtazama kwa namna ambayo hajawahi kutazamwa nayo.

“Wewe,” alisema waziri. “Unaitwa nani?”

Ombi la Nassoro kwa Mungu likaishia hapo.

*

Mwezi haukuandama mara mbili kabla Bunge halijapitisha Sheria ya Mafuta Yaliyotumika, aliyoitunga Mheshimiwa Mno kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa na nia njema. Iliogopwa kwamba wajanja wangepeleka mafuta mapya mtamboni na kuyaita yametumika. Kwa hiyo sheria ikasema hivi: mafuta hayatakuwa yametumika mpaka kitu kikaangwe ndani yake, na kitu hicho kionjwe na Mwonjaji Mkuu wa Taifa, naye atamke hadharani, “Yametumika.” Akitamka, “Hayajatumika,” mafuta hayo hayaruhusiwi kuwasha injini yoyote, iwe ya pikipiki au ya rais, mpaka yamekaangiwa upya mbele ya mashahidi.

Nassoro aliapishwa akiwa ameshika karai. Lilikuwa bado la moto, lakini alivumilia kwa ajili ya picha.

Basi nchi ikakaanga. Ofisi zilifungwa mapema ili watumishi wakaange. Shule zilianza na wimbo wa taifa na kumalizia na sambusa. Mzee mmoja aliyekutwa anachemsha viazi alionywa kwa upole na askari kanzu, maana Ukaango ni nchi ya upole. Mihogo ikaisha sokoni, vikafuata viazi, na ndizi mbichi zikawa zinaibwa migombani kabla hazijavimba. Haikupita muda, hapakuwa na kitu cha kukaanga, na mafuta yaliyotumika yakapungua.

Wataalamu wa Wizara walikaa hotelini wakatafakari. Wakatoka na jibu: yaagizwe mafuta mapya ya kupikia kutoka nje, yaje yachakazwe humu nchini na kuleta ajira. Meli zikaleta mafuta mapya zikichoma dizeli njiani. Yakamiminwa kwenye makarai ya serikali mapana kama uwanja wa bao la wazee mia, na katika kila karai likatupwa andazi moja. Lilizunguka peke yake humo ndani, likitafuta mwenzake. Likiiva, linaopolewa, linaletwa kwa Nassoro juu ya mto wa hariri. Anauma. Anatafuna. Anasema, “Yametumika.” Bendi inapiga.

Mwanzoni aliona amepata kazi ya peponi. Baadaye kiungulia kikamhamia kama mpangaji. Suruali zilimkataa, kisha kanzu. Mkewe, Bi Mwanaheri, alikuwa anamchemshia ndizi kwa siri, pazia limeshushwa na redio imepandishwa sauti ili jirani asisikie sufuria likitokota.

“Kula, Baba Zawadi,” alikuwa akimwambia. “Kula kabla serikali haijanusa.”

Na wakati huohuo lile swali la harufu lilikuwa limempata mwenyewe. Mheshimiwa Mno alikuwa na mpwa wake, kijana mtanashati aitwaye Fikirini, aliyesomea ng'ambo mambo ambayo mpaka leo haijajulikana ni mambo gani. Fikirini alikwenda kwa mjomba wake na chupa mkononi.

“Mjomba, nusa.”

Mheshimiwa Mno alinusa. Macho yakamlegea. “Bagia za marehemu mama!”

“Ndiyo mafuta yetu hayo. Nimeyachuja tu, nikatia iliki yachangamke. Haya mambo ya kubana na kupasha na hidrojeni ni ya kuchelewesha maendeleo.”

Alikuwa ameyachuja kwa chandarua. Lakini kweli yalinukia. Malori yaliyotiwa mafuta yale yaliacha nyuma moshi mtamu hata watoto wakayafuata na vipande vya mkate. Yalikuwa yanazimika mara kwa mara, ila Wizara ilieleza kwamba tatizo ni madereva kukosa uzalendo mguuni.

Daktari Sikudhani alipinga, kwa hiyo akapandishwa cheo. Akawa Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Harufu. Huko Ukaango mtu akipandishwa cheo huwekewa zulia na kunyang'anywa ufunguo. Mtambo wake ukafunikwa turubai.

*

Ndipo ikatangazwa kwamba Mheshimiwa Mno atasafiri kwenda kwenye mkutano mkubwa wa mataifa, kwa ndege yake, na ndege itatiwa mafuta ya Fikirini mabawa yote mawili. Atafuatana na Kikundi cha Taarabu cha Ikulu, ili dunia isikie na kunusa kwa pamoja.

Mwimbaji wa kikundi hicho alikuwa Bi Mwanaheri.

Kesho yake Daktari Sikudhani aliingia ofisini kwa Nassoro bila kubisha. Akafunga mlango, akaegemea.

“Kaka Nassoro, ile ndege itaruka.”

“Alhamdulillahi.”

“Usishukuru. Itaruka vizuri tu, kwa sababu hapa chini kuna joto. Lakini kule juu kuna baridi kuliko ndani ya friji. Yale si mafuta ya ndege, ni mafuta ya kukaangia yaliyopita kwenye chandarua. Yataganda kama mchuzi wa mbuzi uliolala. Injini itaomba mafuta, ipewe mgando.”

Nassoro aliweka chini andazi la serikali. “Umemwambia nani?”

“Wote. Wamenijibu kwamba suala la kuganda halimo katika majukumu ya Kamati ya Harufu.”

“Na rubani je?”

“Rubani anajua. Ameandika wosia.”

Nassoro alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa. Alimkuta mkewe mbele ya kioo, amevaa gauni la safari lenye nakshi za dhahabu, shangazi wawili wamepiga magoti wakirekebisha pindo. Hajawahi kupanda ndege maisha yake. Tangu habari zilipotoka, mtaa mzima ulikuwa umemletea orodha ya maagizo ya mawinguni: mmoja anataka salamu zifikishwe, mwingine anataka ajue kama kweli ukiwa juu unaiona nchi jirani na huko wanakula nini.

“Mama Zawadi, usiende.”

Shangazi wakainua vichwa, sindano midomoni.

“Sababu?”

“Mafuta yataganda angani.”

Mwanaheri alimgeukia taratibu. “Sema tu una wivu. Miaka yote naimba kwenye harusi za watu, leo nimepata kwenda kuimba mbele ya dunia, wewe mafuta yanaganda. Kwani wewe umekuwa nani wa kuyajua mafuta?”

“Mimi ni Mwonjaji Mkuu wa Taifa.”

“Ehee! Mwonjaji.” Shangazi wakacheka. “Basi nenda kaonje!”

Alisema hivyo kwa kukejeli, akarudi kwenye kioo chake. Lakini Nassoro alibaki amesimama pale pale mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu aapishwe, akaikumbuka sheria neno kwa neno.

*

Siku ya safari, uwanja wa ndege ulipambwa mpaka ndege yenyewe ikaonekana kama mgeni mwalikwa. Fikirini alikuwa chini ya bawa, miwani nyeusi usoni, akipeana mikono na watu waliokwisha kumpa mikono. Upepo ukivuma, uwanja mzima ulinukia bagia na iliki. Mheshimiwa Mno alihutubia. Alianza na chimbuko la moto.

Kikundi cha taarabu kikapanda ngazi. Mwanaheri alipofika juu alisimama akapunga mkono, gauni likimeremeta, na ndugu wa mtaani wakapiga vigelegele. Nassoro alikuwa amekaa safu ya Waheshimiwa Kiasi. Akasimama.

“Mheshimiwa Mno!” Sauti yake ilitoka nyembamba kuliko alivyotarajia. “Naomba kuonja.”

Uwanja ukanyamaza. Hata bendi, ambayo haikuwa inapiga, ilinyamaza zaidi.

“Kuonja nini?” aliuliza Fikirini.

“Mafuta yaliyomo ndani ya ndege. Sheria inasema hakuna injini, iwe ya pikipiki au ya...” Akaitazama ngazi ya ndege. “Au ya rais.”

Walinzi wawili walishaanza kumsogelea. Mheshimiwa Mno akainua kidole. Huyu alikuwa mtu aliyependa vitu vyake, na katika vitu vyake vyote hakuna alichokipenda kama maneno yake mwenyewe yakisomwa na mtu mwingine.

“Mwacheni,” alisema. “Sheria ni msumeno. Aonje.”

Fundi akafungua bomba chini ya bawa, akakinga kwenye kikombe cha chai. Nassoro akachovya kidole, akakiweka ulimini, akafumba macho. Ulimi wake ulikuwa umefunzwa na taifa. Mafuta yale yalikuwa yametumika, tena sana. Yalikuwa na samaki, na kachori, na kitu kama kitunguu cha sikukuu iliyopita. Angesema ukweli, ndege ingeondoka. Aliinua macho, akaona lile gauni pale juu mlangoni.

“Hayajatumika,” alisema.

Pakazuka zogo. Fikirini alivua miwani. “Muongo huyu! Yametumika mara mia!”

“Sheria inataka yakaangiwe mbele ya mashahidi,” alisema Nassoro.

“Basi yakaangiwe,” alisema Mheshimiwa Mno, akitazama saa yake, “tuondoke.”

Mama wa mgahawa wa uwanjani akaitwa. Akaja na jiko la mkaa, karai na unga aliokwisha kuukanda kwa ajili ya chai ya saa nne. Ndoo ya mafuta ikakingwa kutoka kwenye bawa. Hapo rubani akakohoa.

“Waheshimiwa, ni wajibu wangu kuwakumbusha. Kama haya ni mafuta ya ndege kweli, yakikaribia moto huu, tutatafutwa kwa ungo.”

Pale pale uwanja ukasogea. Mawaziri walirudi nyuma kwa heshima, kisha kwa haraka, mpaka wote wakawa nyuma ya gari la zimamoto. Mheshimiwa Mno alisindikizwa nyuma ya mawaziri. Wazimamoto nao walikuwa nyuma ya Mheshimiwa Mno. Mama wa mgahawa akauweka unga chini, akamwachia Nassoro kijiko, akasema ana mtoto mgonjwa.

Penye jiko walibaki watu wawili. Nassoro, kwa sababu ndiye aliyeshika kijiko. Na Fikirini, aliyesimama mikono mifukoni bila wasiwasi hata kidogo, kama mtu anayesubiri kifungua kinywa chake. Kisha akagundua kwamba yuko peke yake, na kwamba mjomba wake, kutoka nyuma ya gari la zimamoto, anamtazama.

Fikirini akapiga hatua moja nyuma. Alikuwa amechelewa.

“Baba Zawadi!” Mwanaheri alipiga kelele kutoka mlangoni mwa ndege. “Toka hapo! Utaungua! Nassoro!” Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu siku ya ndoa. Akavua viatu, akaanza kushuka ngazi mbio, gauni amelikusanya kwapani.

Nassoro alimimina mafuta karaini. Yakatulia. Yakapata moto. Yakaanza kuimba wimbo ule ambao kila Mkaango anaujua tangu tumboni mwa mama yake. Akatupa donge la unga. Likazama, likaibuka, likavimba kama shavu la mpiga tarumbeta, likageuka upande wa pili lenyewe bila kuguswa.

Halikupata kuonekana andazi zuri kama lile.

Aliuma. “Sasa,” alisema, machozi yakimtoka, “yametumika.”

Watu wakarudi mmoja mmoja, Nassoro akiendelea kukaanga. Mheshimiwa Mno akachukua andazi, akalitafuna. Akachukua la pili. Kila aliyekuwepo alikuwa ameshaelewa, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuelewa. Mwanaheri alikuwa amefika, peku, anahema, ameushika mkono wa mumewe kana kwamba ndio ngazi yenyewe.

Mheshimiwa Mno alijifuta vidole. Akalitazama bawa la ndege, akamtazama mpwa wake, akayatazama yale mawingu meupe kule juu, muda mrefu. Kisha akaomba kipaza sauti.

“Wananchi! Mataifa mengine yanajitapa kwamba yamegeuza mafuta ya kula kuwa mafuta ya ndege. Hilo ni jambo la kawaida. Leo, mbele ya macho yenu, Ukaango imekuwa nchi ya kwanza duniani kugeuza mafuta ya ndege kuwa mafuta ya kula!”

Shangwe zilipaa juu kuliko ndege yoyote ambayo ingepaa siku ile. Ilitangazwa kwamba kiongozi hawezi kuondoka nchini siku ya ushindi kama huo, kwa hiyo safari imeahirishwa. Rubani alikaa chini kwenye lami akaanza kucheka, akacheka mpaka akaletewa maji. Fikirini alipandishwa cheo papo hapo. Yuko kwenye zulia nene sana, na hadi leo hajaonyeshwa mlango wa kutokea.

Mwanaheri alitembea peku njia nzima. Alipofika nyumbani akaketi, miguu imejaa vumbi la uwanja.

“Niambie kweli. Yalikuwa hayajatumika?”

“Yalikuwa yametumika kupita kiasi.”

“Kwa hiyo umesema uongo mbele ya Rais.”

“Na mbele ya taifa zima. Na mbele ya bendi.”

Mwanaheri akainuka, akampakulia chakula, naye akakaa kumtazama akila mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu wakiwa wachumba.

*

Wizara yote ikahamia kwenye mradi mpya wa kugeuza mafuta ya ndege kuwa chakula, ambao unahitaji ndege nyingi na unaendelea kuundiwa tume. Katika hekaheka hizo hakuna aliyekumbuka mtambo uliofunikwa turubai. Daktari Sikudhani aliomba ufunguo wake kwa mlinzi, na mlinzi akampa, maana hakuwa na maagizo ya kumnyima.

Nassoro aliomba kupumzishwa kwa sababu ya tumbo. Siku hizi anazunguka na mkokoteni kwa wauza chipsi na mama lishe, anakusanya mafuta yaliyochakaa kwenye madumu, anayapeleka kwa Sikudhani. Yanapashwa, yanabanwa, yanapitishwa kwenye kichocheo. Mabasi ya Karaini yanakwenda. Jenereta la wodi ya wazazi halijazimika. Hata ile ndege imesharuka mara kadhaa, imejaa mafuta yasiyonukia chochote, na rubani haulizaulizi tena. Hakuna aliyekata utepe.

Juzi mwandishi mmoja wa kigeni alifika, akashangaa. Akamkuta Nassoro kwenye kivuli cha mkokoteni wake, akamuuliza kwa nini nchi yenye ufundi mkubwa namna hii haiutangazi, na kama serikali yao ina habari.

Nassoro alitazama kulia, akatazama kushoto, akamvuta karibu.

“Ndugu yangu,” alinong'ona, “tafadhali usiiambie. Ikijua, itakuja kutusaidia.”